Digrii ya Huria serikalini: wanaitazamaje hasa?

Binti wa Masijala (Jumapili, saa 3:12 usiku)

Habari za jioni wakubwa na wadogo. Wenye shikamoo zao nawapa.

Naomba msaada wa mawazo, na naomba wajibu wanaojua, wale wa "nimesikia sikia" wapumzike kidogo.

Mimi ni msaidizi wa kumbukumbu katika halmashauri moja ya hapa Dar. Kazi zetu mnazijua: faili linaingia, faili linatoka, bosi akiliulizia na halionekani kosa ni langu, hata kama analo mwenyewe mezani chini ya chupa ya chai. Huu ni mwaka wa saba. Nina diploma ya utunzaji kumbukumbu niliyosomea Tabora, GPA 3.2. Kidato cha nne nilifaulu masomo sita, C mbili na D nne, sikwenda kidato cha tano. Nina miaka 34, watoto wawili, na mume wangu anaendesha lori la Tunduma, kwa hiyo nusu ya mwezi mimi ndiye baba na mimi ndiye mama.

Nataka digrii. Kila mwaka wanaletwa vijana wenye digrii zao, mimi ndiye nawaonyesha jinsi ya kufungua jalada jipya na kupiga namba za folio (kurasa za jalada), na baada ya miezi sita wananituma mimi. Nimechoka kufundisha wakubwa zangu.

Chuo cha kukaa darasani siwezi. Natoka Segerea saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikirudi mtoto wa mwisho ameshalala. Kwa hiyo nimebaki na njia mbili.

Ya kwanza ni Chuo Kikuu Huria, pale Kinondoni, ambako mtu husomea nyumbani, nisome Usimamizi wa Rasilimali Watu.

Ya pili ni chuo kimoja cha Marekani ambacho tangu nibonyeze tangazo lake mara moja, kinanifuata kwenye simu kama mdai wa vikoba. Digrii kwa miezi kumi na minne, hakuna mtihani wa kwenda kukaa popote, na ile miaka yangu saba kazini wanaihesabu kama masomo. Dola 2,400 kwa awamu nne. Cheti kinaletwa mpaka mlangoni. Kwenye tovuti kuna picha ya jengo lenye nguzo nyeupe na wameandika mara tatu kwamba wana ithibati, yaani wamekaguliwa wakakubaliwa.

Nilikuwa naegemea Huria. Sasa juzi wakati wa chai, afisa mmoja wa hapo ofisini (simtaji, huenda yumo humu) akasema mbele za watu: "Huria? Ile digrii ya posta? Kwenye usaili wakiona jina la chuo tu wanaisukuma pembeni." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikakaa kidogo.

Kwa hiyo nauliza: mwajiri wa serikali anapimaje digrii? Anaangalia ulikaa darasani au ulisomea nyumbani? Na huyu Mmarekani nimwamini?

Nawasilisha.

---

Kibao cha Mbuzi (saa 3:40 usiku)

Dada, huyo afisa muulize yeye kasoma wapi. Wanaosema sana ofisini kwetu wote ni "nipo kwenye mchakato wa kumalizia masters". Mwaka wa tisa huu wanamalizia.

Huyo Mmarekani mblok leo hii.

---

Karani Mstaafu (Jumatatu, saa 11:05 alfajiri)

Marahaba mwanangu. Nimekaa utumishini miaka 33, na zaidi ya nusu yake nilikuwa kwenye dawati la ajira na madaraja. Sasa nipo Kimara nafuga kuku ambao mpaka sasa wao ndio wananifuga. Ngoja nikueleze jinsi karatasi yako inavyosomwa, kwa sababu nimezisoma nyingi.

Anayechambua maombi ana vitu vitatu mbele yake: tangazo la kazi, muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada inayotangazwa (waraka unaotaja sifa na madaraja ya kada hiyo), na rundo la maombi yenu. Tangazo litasema mathalani "Shahada ya Kwanza katika Usimamizi wa Rasilimali Watu au fani zinazolingana na hizo, kutoka chuo kinachotambulika na Serikali". Maneno hayo yameandikwa kwa sababu. Mchambuzi anauliza: fani ndiyo hii? Chuo kinatambulika? Vyeti vimekamilika? Majina yanafanana? Hakuna mahali kwenye jedwali lake panapouliza kama ulisomea darasani, jikoni au kwenye basi la Segerea.

Kutambulika maana yake nini. Kwa vyuo vikuu, mwenye neno ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Kabla yake kulikuwa na Baraza la Ithibati la mwaka 1995. Huria imeitangulia yote hiyo: ilianzishwa kwa Sheria namba 17 ya mwaka 1992, ikaanza kufundisha 1994. Ni chuo cha umma kama Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huyo afisa anayeiita digrii ya posta anatukana chuo kilichoundwa na Bunge, ila ofisi zetu chai ikishaiva sheria haina nafasi.

Na hata hiyo posta haina aibu. Mimi mwenyewe nilipata kidato cha nne kwa njia ya posta kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, masomo yakija kwa bahasha, najibia kwa taa ya chemli. Mandela digrii yake ya sheria aliipata kwa masafa, yaani kwa kusomea mbali na chuo, kutoka UNISA ya Afrika Kusini mwaka 1989, bado yuko kifungoni. Hajawahi kuulizwa na mtu alikuwa amekaa dawati gani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kutambulika kwa chuo hakutoshi, na programu yenyewe iwe imeidhinishwa. TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili, umeorodhesha chuo na programu zake moja moja pamoja na sifa za kuingilia. Ukiona chuo kina jina kubwa lakini programu unayoitaka haimo, usilipe hata shilingi ya fomu. Nimeshaona mtu aliyesoma miaka mitatu programu iliyoanza kufundishwa kabla ya kuidhinishwa. Chuo kilikuwa halali, mhuri halali, yeye akabaki anazunguka na barua.

Jambo la pili ni mlolongo. Watu wanadhani digrii ndiyo inayotazamwa. Digrii ni bati, sisi tunaanza na msingi. Unakumbuka uhakiki wa 2017? Tarehe 28 Aprili mwaka ule Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa pale Dodoma, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulishika vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu. Kwa hiyo mtu mwenye digrii halali kabisa, aliyehudhuria mihadhara kwa miguu yake, alitoka kazini kwa sababu ya cheti cha kidato cha nne cha binamu yake. Nilikuwa bado ofisini. Kuna mama mmoja alikuja dirishani kwangu, mfanyakazi hodari kuliko wengi waliobaki, akasema tu "baba, ni kweli", akaweka kitambulisho juu ya meza. Siku hiyo sikula.

Wewe kidato chako cha nne ni chako, umefaulu sita. Diploma GPA 3.2, na kiwango cha kuingilia digrii kwa diploma ni 3.0. Umepita mlangoni bila kuinama. Kachukue namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, maana bila hiyo mfumo wa udahili haukutambui mwenye diploma. Halafu panga vyeti vyako vyote mezani, usome jina herufi kwa herufi. Narudia: herufi kwa herufi.

Ngoja nikawafungulie kuku, nitarudi kwenye habari ya Mmarekani.

---

Karani Mstaafu (Jumatatu, saa 2:20 asubuhi)

Nimerudi.

Marekani hakuna TCU. Serikali yao haitoi ithibati kwa mkono wake, bali kuna mashirika yanayokagua vyuo, na Wizara ya Elimu ya kule inayatambua mashirika hayo. Kuna na baraza lao la CHEA linalofanya utambuzi wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "tuna ithibati", swali lako ni: mmepewa na nani, na huyo nani anatambuliwa na nani? Kwa sababu chuo cha mfukoni hujitengenezea na shirika la ithibati la mfukoni, lenye jina refu na nembo ya tai, na yote mawili yanaendeshwa kwenye kompyuta moja. Orodha ya kweli iko wazi kwenye tovuti ya Wizara yao, unaandika jina la chuo, ama kinatokea ama hakitokei.

Na wao kwao wameshachomwa. Mwaka 2004 wakaguzi wa Bunge la Marekani walichunguza vyuo vya kuuza vyeti, na kwenye kumbukumbu za vyuo vitatu tu wakakuta watumishi 463 wa serikali yao kuu. Mwaka 2015 gazeti la New York Times likaanika kampuni ya Karachi, Axact, iliyokuwa na vyuo vya mtandaoni tele vyenye majina ya Kimarekani na picha za wahadhiri wa kuigiza. Picha ya jengo lenye nguzo nyeupe mwanangu ni rahisi kuliko kilo ya nyama.

Sheria yao ya ajira ya serikali haitofautiani sana na yetu kwenye hili: digrii ya masafa inahesabiwa sawasawa na ya darasani, ilimradi chuo kina ithibati ya shirika linalotambuliwa na Wizara yao. Haina ithibati hiyo, haihesabiwi, hata kama ulihudhuria kila siku na tai shingoni.

Kwa hapa kwetu kuna hatua moja zaidi. Cheti chochote cha nje lazima kipite kwa mamlaka husika: digrii kwa TCU, diploma na vyeti vya ufundi kwa NACTVET, sekondari kwa Baraza la Mitihani. Tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira linayo masharti hayo kule chini ambako hakuna anayesoma. Sharti jingine la huko chini: hawapokei matokeo ya muda wala karatasi za matokeo za kidato cha nne na sita, wanataka cheti chenyewe.

Zamani kidogo mtumishi mmoja aliniletea folda ya mahameli nyekundu. Ndani kulikuwa na digrii ya uzamili na ya uzamivu, zote mbili za chuo kimoja cha mtandaoni, zimepishana miezi minne. Mhuri wa dhahabu, ukiugusa unasikia umeinuka. Anataka abadilishiwe mshahara. Nikamwambia kwa upole, ndugu yangu, chukua folda lako, mimi sijaliona. Akasema nina wivu. Akaandika barua rasmi, akaambatisha. Ikishakuwa rasmi mimi sina ujanja, ikapelekwa TCU. Jibu lilikuwa aya mbili. Mtu ambaye alikuwa na kazi yake nzuri na diploma yake halali akajiingiza mwenyewe kwenye shauri la nidhamu.

Na hilo la kuhesabu uzoefu wa kazi kama digrii nzima: vyuo vya kweli vipo vinavyopima ujuzi uliopatikana kazini, lakini wanakupima, wanakutahini, na wanakupunguzia sehemu. Hawakuuzii miaka saba yako kwa dola 2,400.

---

Mtu wa Tabata Bima (Jumatatu, saa 7:15 mchana)

Mzee shikamoo, umemaliza. Mimi niongezee upande wa nje kwa sababu nilisoma chuo cha India kwa masafa, nikiwa hapa hapa Tabata, sijawahi hata kuuona uwanja wa ndege wa Mumbai.

India nako kuna ngazi. Kuna UGC, tume yao ya vyuo vikuu, na chini yake ofisi maalumu ya elimu masafa. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa lakini kikawa hakina kibali cha kufundisha kwa masafa, au kinacho kwa programu hii na hakina kwa ile, au kilikuwa nacho mwaka juzi na mwaka huu hakina. Kibali kinaenda na mwaka wa masomo uliojiunga, hilo shikeni. Tena wanakataza chuo kukodisha jina lake kwa wakala afungue kituo.

Mimi bahati yangu nilijisajili chuoni moja kwa moja, nikalipa kwenye akaunti ya chuo. Rafiki yangu tuliyeanza naye alipitia kwa wakala aliyekuwa na ofisi ghorofani maeneo ya Posta, katikati ya jiji, na risiti alipewa za wakala. Tulipomaliza tukapeleka TCU wote. Mimi nilipeleka cheti, transkripti, vyeti vya kidato cha nne na sita, na barua za udahili. Wakaandikia chuo kuuliza, chuo kikajibu kuwa mtu huyu ni wetu. Ilichukua miezi, nilikonda, lakini barua ya utambuzi ilitoka na ndiyo ninayoambatisha mpaka leo. Wa rafiki yangu chuo kilijibu kwamba hawamjui. Wakala simu haipatikani, na ile ofisi sasa wanauza vipodozi.

Mwaka 2022 UGC walitoa tangazo kuwa digrii ya masafa ya chuo chenye kibali ni sawa na ya darasani. Nililiprinti nikaenda nalo kwenye usaili, nimejiandaa kugombana. Hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu India. Waliniuliza maana ya OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi.

---

Wakili Asiye na Gari (Jumatatu, saa 1:50 usiku)

Naheshimu mzee lakini amesema nusu ya ukweli, nusu nyingine nitaisema mimi kwa sababu nimeivaa.

Sheria nimesoma Huria. Nilianza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nikasoma miaka mitano kwa sababu kuna mwaka sikuwa na ada na mwaka mwingine nilikuwa na mapacha. Nikaenda Shule ya Sheria pale Sam Nujoma, nikakaa darasa moja na waliotoka Mlimani na Mzumbe, mtihani mmoja, wengine wao walirudia karatasi nilizopita mimi. Kwenye makaratasi mzee yuko sahihi asilimia mia.

Ila binadamu ni binadamu. Kwenye usaili wangu wa kwanza wa mahojiano, mjumbe mmoja aliangalia karatasi, akatabasamu, akauliza: "Huria... hukupata nafasi vyuo vingine?" Nikaganda. Nilijibu vibaya sana, nikaanza kujitetea habari za mapacha. Kazi sikupata, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya chuo au ni kwa sababu nilisimulia habari za nepi kwenye usaili wa sheria.

Mara ya pili swali lilikuja lile lile, nikajibu: nilikuwa mtumishi, nikasoma bila kuacha kituo cha kazi. Basi. Wakaendelea na swali la Katiba.

Na kabla ya kufika kwenye mahojiano kuna ule mtihani wa mchujo. Pale unaandika namba, jina lako halipo, chuo hakipo. Anayesahihisha anasahihisha majibu tu. Wanaotoka Huria wengi tunapita vizuri pale kwa sababu tumezoea kusoma bila kufundishwa. Wanaoanguka ni wale waliokuwa wanasoma maswali ya miaka iliyopita siku mbili kabla ya mtihani, na hao wapo kila chuo.

Jambo jingine ambalo halijaguswa: kada zenye bodi za taaluma. Ukitaka ugavi kuna PSPTB, uhasibu kuna NBAA, uhandisi kuna ERB. TCU ikisema digrii ni halali, bodi nayo ina macho yake. Kwa rasilimali watu hukutani na mlango huo, ni jambo la kumshukuru Mungu.

---

Kibao cha Mbuzi (saa 2:04 usiku)

Wakili umeniua na nepi.

Mzee, kuku wanakula nini siku hizi kwani? Mfuko wa chakula umepanda tena.

---

Binti wa Masijala (Jumanne, saa 12:30 jioni)

Nimesoma kila kitu mara mbili, mara ya pili ndani ya daladala mpaka nikapitiliza kituo. Ahsanteni sana, mzee Mungu akupe umri na kuku watage.

Nimefanya mlivyosema. Chuo cha nguzo nyeupe hakimo kwenye orodha ya Wizara ya Marekani. Shirika lao la ithibati nalo halimo. Nikawaandikia kuuliza, wakanijibu ndani ya dakika nne, saa tisa usiku ya kwao, kwamba leo tu kuna punguzo la asilimia arobaini.

Sasa vyeti nimevipanga mezani herufi kwa herufi. Mzee, kidato cha nne jina la baba limeandikwa Saidi. Diploma ni Said. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, ni Said. Cheti cha kuzaliwa Saidi. Miaka saba nipo kazini hakuna aliyeuliza. Hii nayo ni shida?

---

Karani Mstaafu (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Ni shida ndogo leo, kubwa kesho. Siku utakapoomba nafasi mpya, mfumo wa maombi utavuta jina la NIDA na mchambuzi atafungua cheti cha kidato cha nne. Huyo i mmoja ana uwezo wa kukutoa. Nimeona watu wametolewa kwa H.

Usibadilishe cheti cha kidato cha nne, hicho ndicho mzizi, vingine ndivyo vinavyofuata. Nenda kwa wakili (yupo mmoja hapo juu asiye na gari, huenda akakupunguzia), mtengeneze hati ya kisheria ya majina (deed poll), isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Wengine wanaishia kwenye kiapo cha mahakama tu, halafu wanashangaa kinakataliwa. Maliza hilo kabla hujajisajili chuoni, ili cheti cha digrii kitoke na jina moja linalofanana na yote. Ukisubiri mpaka uhitimu utakuwa na vya kusahihisha vitatu badala ya viwili.

La mwisho, na hili ningelisema la kwanza kama si kuku. Usianze masomo bila barua ya ruhusa ya mwajiri. Najua utasema nasomea nyumbani kwangu, usiku, kwa hela yangu, wananihusu nini. Andika hivyo hivyo. Taja chuo, taja programu, taja miaka. Ipite kwa mkuu wako wa idara, ipokelewe, ipigwe mhuri, ubaki na nakala. Siku ukileta digrii ukiomba kubadilishiwa kada, swali la kwanza halitakuwa Huria au Mlimani. Litakuwa: ulikwenda masomoni kwa ruhusa ya nani?

Na ujue pia kwamba hata ukiwa na ruhusa na digrii safi, kubadilishiwa kada kunategemea ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa) na bajeti ya mwaka ule. Nafasi isipotengwa unakaa na cheti chako kabatini. Nimewaona waliokaa mwaka mmoja, nimewaona waliokaa minne. Wengine waliamua kuomba upya kupitia matangazo, wakashindana na wa mtaani, wakapata. Wewe ni mtumishi tayari, ukiomba barua yako ipite kwa mwajiri, usiruke.

Rasilimali watu ni chaguo zuri, masijala na utumishi ni chumba na sebule. Ila usome muundo wa kada hiyo kwanza uone wametaja fani zipi kwa majina. Umo ofisini kwako, wewe ndiye unayeutunza.

---

Wakili Asiye na Gari (saa 3:25 usiku)

Nitumie ujumbe wa faragha dada. Msajili wa Hati ana ada yake, hiyo siwezi kukupunguzia. Yangu tutaongea.

---

Binti wa Masijala (wiki tano baadaye, Jumamosi, saa 4:00 asubuhi)

Narudi kutoa taarifa maana nachukia watu wanaouliza, wanasaidiwa, halafu wanapotea.

Majina yamekwisha, sasa ni Saidi kila mahali. Wakili alikuja kwa bodaboda kweli. AVN nimepata. Kinondoni nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta foleni nikaona aibu, nikafikiri nitakuwa mkubwa kuliko wote. Mbele yangu alikuwepo baba mmoja askari magereza anakaribia kustaafu, ameshika bahasha ya kaki mikono miwili kama mtoto wa darasa la kwanza. Tukapiga stori mpaka dirishani. Programu imo kwenye mwongozo wa TCU, nimeipiga picha ukurasa wake.

Yule afisa wa chai kasikia. Kaniuliza ada ni kiasi gani, nikamtajia, kanyamaza.

Kilichobaki ni barua ya ruhusa. Niliandika kama mzee alivyoelekeza, mkuu wangu wa idara akaipitisha siku hiyo hiyo, mimi mwenyewe nikaipokea kwenye rejesta na kuipiga mhuri wa tarehe. Jalada langu binafsi linakaa masijala ya siri, siruhusiwi kuligusa. Lakini jana nilipeleka faili jingine kwa bosi nikaliona. Lipo mezani kwake, wiki ya tatu hii, chini ya chupa ya chai.